Malengo ya Poka na Mahari ya Carol

Nkubu, 4 Februari 2025

Kwako Ngari, ndugu yangu,

Nakusalimu wewe na mkeo Peninah, na mama kuliko nyinyi wawili. Mwambie dawa yake ya macho nimeipata, imo ndani ya kifurushi hiki chini ya ndizi. Huku sisi ni wazima. Mvua ilitutendea haki na migomba imezaa mpaka nimeiegemeza kwa miti, ila tumbili hula kabla yangu. Goti la kushoto hulalamika asubuhi na kunyamaza likipata jua. Nasikia binti yenu Carol amepewa kazi ya kudumu huko Embu mjini. Mpe pongezi za baba yake mkubwa.

Utauliza kwa nini naandika kama watu wa zamani. Simu wewe huiweka kwenye sikio bovu, kisha unajibu kwa sauti inayofika sokoni. Jambo la leo si la soko.

Mwaka huu nimejiwekea malengo ili niwe mchezaji bora wa poka.

Keti kwanza nikueleze. Poka ni mchezo wa karata. Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, halafu nyingine tano hufunuliwa mezani kidogo kidogo, za watu wote. Kila hatua unachagua: uongeze dau, ufuate dau la mwenzako, au utupe karata zako na kungoja mgao mwingine. Mwenye karata nzuri aweza kushinda. Asiye na kitu aweza kushinda pia, akiwafanya wenzake waamini kwamba anacho. Tunacheza kila Alhamisi mchana, wastaafu watano, nyuma ya duka la Mwiti, aliyejifunza mchezo huu alipokuwa mpishi wa hoteli. Dau letu ni punje za mahindi. Anayeishiwa punje huosha vikombe. Hakuna shilingi inayoguswa, kwa hiyo usimkimbilie mchungaji.

Katika kukagua shule niliona walimu wengi wakiandika kwamba lengo lao ni kufaulu. Hilo si lengo, ni ombi. Lengo ni jambo lililo mikononi mwako. Karata zikija mbaya siwezi kuzizuia, kwa hiyo sikujiwekea lengo la kushinda. Nataka kwanza nijifunze kutupa karata mbovu mapema, hata kama nimechoka kungoja. Kisha nijifunze kuwasoma wenzangu, maana kila mtu ana ishara yake. Mwisho ni uso wangu, ambao wao huusoma kama ubao wa darasani.

Niandikie. Nyumba hii imekuwa na nafasi nyingi tangu tumzike mke wangu Kawira.

Kaka yako,
Gachoki


Siakago, 22 Februari 2025

Kaka Gachoki,

Dawa ilifika na mama anakushukuru. Ndizi mbili zilipondeka, tukazila hivyo hivyo. Huku jua ni kali. Ndengu tumevuna, si nyingi. Mbuzi wawili wamezaa na mmoja wao ni mkorofi kama mama yake.

Sasa barua yako. Niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nikidhani ni mzaha. Kisha nikaificha kwenye gunia la ndengu ili Peninah asiione, naye akaenda kuchota ndengu. Akaniuliza, "Mwalimu anacheza kamari?" Nikamwambia ni punje za mahindi. Akasema, "Hata Yuda alianza na kidogo."

Kaka, una miaka sabini na moja. Ni wewe uliyenichapa nikiwa darasa la sita kwa ajili ya karata, ukazitupa chooni zote. Mimi ni mzee wa kanisa. Kila Jumapili nawaambia vijana waache kamari za kwenye simu. Mmoja akiniuliza kaka yangu hufanya nini siku ya Alhamisi, nimjibu nini? Nimeshtuka, na nikishtuka huwa silali.

Tena umechagua wakati mbaya. Carol ameleta jina la kijana. Anaitwa Muriithi, fundi wa umeme, kwao ni Githongo, mtoto wa mzee mmoja Mutegi. Wazazi wake wanataka kuja kuzungumza mahari mwezi wa Juni. Wewe ndiye mkubwa wetu na ndiye msemaji, na mila za Wameru unazijua kuliko sisi sote kwa kuwa ulioa kwao. Lakini siku ya mahari ya binti yetu Nelius sijaisahau. Wageni walitaja mbuzi wao wa kwanza, nawe ukatabasamu kabla sijameza mate. Wakajua tumeridhika. Hawakuongeza hata kwato.

Carol ndiye wa mwisho. Anampenda kijana huyu mpaka amekuwa mpole, na wewe unamjua Carol. Sitaki aende kama mtu aliyeokotwa, wala sitaki akose kwenda. Niambie kama naweza kukutegemea, au nimwite binamu yetu Ndambiri.

Ni mimi,
Ngari


Nkubu, 15 Machi 2025

Kwako Ngari,

Natumaini usingizi umerudi. Mvua imeanza huku, na nimepanda maharagwe chini ya migomba. Goti linajua mvua kabla ya redio.

Zile karata zako nilizitupa chooni kwa sababu ulikuwa unacheza wakati wa hesabu. Ungecheza wakati wa michezo, pengine ningeketi. Na mwambie Peninah kwamba Yuda hakuwahi kuosha vikombe.

Siku ya Nelius nami sijaisahau. Uso ule uliotukosesha mbuzi ndio huu ninaoufundisha sasa. Fikiri kidogo utaona kwamba msemaji wa mahari na mchezaji wa poka hufanya kazi moja. Kila mmoja ameficha anachoweza kukubali, na anajaribu kujua mwenzake ameficha nini. Anayeonyesha kwanza ndiye anayelipa.

Lengo la kwanza nimelifikia: karata mbovu nazitupa bila huruma. La pili linakwenda vizuri. Mezani hatuitani majina, tunaitana kwa kazi zetu za zamani. Mimi ni Mkaguzi. Bingwa wetu ni Posta, kwa kuwa aliuza stempu maisha yake yote. Ilinichukua muda mrefu kuipata ishara yake. Akiwa na karata nzuri hutulia kama jiwe la mtoni. Akiwa hana kitu huongeza dau kubwa, husimama, hutafuta kofia yake na kusema ng'ombe wanamngoja, kana kwamba mchezo umekwisha na ameshinda. Sisi hutishika, tukatupa karata. Wiki iliyopita alisimama nami nikamwacha asimame, karata zangu sikuzitupa. Akarudi kuketi, akacheka mpaka akakohoa. "Mkaguzi," akasema, "umeanza kusoma."

Sijapata rafiki mwingine kama huyu tangu Kawira aondoke. Kwake sijafika, wala jina lake la kuzaliwa silijui. Sheria ya Mwiti ni kwamba habari za nyumbani zibaki mlangoni, na mimi sheria hiyo imenifaa.

Usimwite Ndambiri. Ndambiri hulia kwenye harusi za watu asiowajua. Nitakuja mimi.

Kaka yako,
Gachoki


Siakago, 24 Mei 2025

Kaka,

Mama hajambo. Ng'ombe mwekundu amekufa, usimtaje ukija. Carol anakusalimu kila siku sasa, kana kwamba wewe ndiye unayeolewa.

Basi njoo. Ni Jumamosi, tarehe 14 Juni. Vaa koti. Mimi sitasema neno, nitakutazama wewe tu. Ukigusa kikombe chako cha chai nitajua nikubali lililo mezani. Usipokigusa nitanyamaza hata wakianguka chini. Mambo ya karata usiyataje, hata katika sala.

Ngari


Nkubu, 18 Juni 2025

Kwako Ngari,

Nilifika salama. Msalimu mama. Salamu nyingine leo sizipati.

Uliniuliza pale langoni, vumbi la gari lao likiwa bado hewani, "Kumetokea nini?" Acha nijaribu kueleza, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi pekee ninayoijua.

Mutegi, baba ya Muriithi, ni Posta.

Ulipoandika jina lake sikushtuka, maana Meru akina Mutegi ni wengi kama mawe. Alipoinama kuingia sebuleni kwako akivua ile kofia, nilimtambua. Naye aliniona. Tulisalimiana kama wageni, kila mmoja akimwonyesha mwenzake jinsi alivyojifunza kutoonyesha.

Sasa lile fungu. Waliweka mezani fungu la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba, na wewe ukasogeza Biblia mbali nalo. Nilijua unafikiri nini. Huko kwenu muguka, jamii ya miraa, huuzwa kila kona, nawe umeihubiria vita. Ulidhani wazee wa Meru wamejibebea kitu cha kutafuna njiani. Ngari, hiyo huitwa ncoolo, nayo ndiyo posa yenyewe. Baba wa msichana akiifungua, amemkubali kijana. Ikikaa mezani bila kufunguliwa mpaka wageni wainuke, amemkataa, na wao hawaulizi mara ya pili, kwa sababu kuuliza tena ni kujishusha.

Wewe hukujua. Mimi nilijua. Niliketi nikingoja wakati mzuri wa kukupa ishara. Walipotaja mbuzi na mitungi ya asali, nikawaza kwamba fungu likifunguliwa sasa hawataongeza. Acha lingoje kidogo. Kikombe changu sikukigusa, nawe ukanyamaza kama tulivyokubaliana. Mutegi akanitazama muda mrefu. Kisha akasimama, akatafuta kofia yake, akasema ng'ombe wanamngoja.

Nilifurahi, ndugu yangu. Nje nilikuwa jiwe, lakini ndani nilifurahi. Nikajiambia, huyu hana kitu, atarudi kuketi.

Akalichukua fungu kwa mikono miwili, akalitoa nje kama mtu anayembeba mtoto mgonjwa. Niliendelea kumngoja arudi mpaka niliposikia gari likiwashwa.

Sijui kama Carol alikuwa akitazama kutoka jikoni. Usiniambie.

Gachoki


Siakago, 23 Agosti 2025

Kaka,

Mama anakula vizuri. Mbuzi hawajambo.

Barua yako nilikaa nayo nikijaribu kuiamini. Nikiingia sebuleni bado naitazama ile meza. Kitu kidogo vile, majani na kamba. Ningeweza kukifungua kwa kidole kimoja. Peninah hunikuta nimesimama pale na kuniuliza natafuta nini.

Carol alikuwa jikoni. Alikuja kwangu usiku ule na swali moja: "Baba, umemkatalia nini?" Nikamwambia hatukumkataa, ilikuwa kosa la wazee. Akaniambia, "Kosa la wazee ndilo nitakaloishi nalo mimi." Amerudi Embu na haji nyumbani Jumapili. Kijana amemweleza baba yake, lakini baba yake amesema maneno ya watoto hayafungui fungu. Nyumba iliyokataa kwa mdomo wa mzee ikanushe kwa mdomo wa mzee.

Najua umeshafikiri kwenda. Usiende. Baba wa msichana hampeleki binti yake mlango kwa mlango. Tukipiga magoti kwao watamchukua kwa kuku mmoja, na kila akikosea chumvi watamkumbusha kwamba sisi ndio tulioomba. Afadhali akae bila kuolewa, ana kazi yake.

Sikulaumu. Nikisema sikulaumu ninasema uongo, lakini nimeandika hivyo kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu.

Ngari


Nkubu, 26 Oktoba 2025

Kwako Ngari,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote. Mama nimemnunulia sweta, ni la kijani, akilikataa mpe Peninah.

Nimevunja neno lako. Nilikwenda Githongo.

Wanavuna kahawa. Nilimkuta Mutegi na mke wake wameketi kwenye turubai wakichagua buni, nyekundu huku na mbichi kule. Hakuinuka.

"Mkaguzi," akasema, "umekuja kukagua?"

"Nimekuja kuongea na baba ya Muriithi."

"Huyo alikataliwa Siakago. Hukusikia? Nadhani ulikuwepo."

Sikuwa nimepewa kiti, nikakaa kwenye turubai na kuanza kuchagua buni pamoja nao, kwa kuwa mikono ilihitaji kazi. Nikawaeleza yote. Niliwaeleza kwamba wewe hukulijua fungu lile na kwamba tuliwekeana ishara ya kikombe. Mke wake aliacha kuchagua. Akasema kwa Kimeru kwamba wajinga amewaona wengi, ila hawa wenye vyeti ndio mara ya kwanza.

Mutegi hakucheka. "Nilipochukua kofia," akaniuliza, "ulidhani nini?"

"Nilidhani huna kitu."

Aliendelea kuchagua mpaka kikapu kimoja kikajaa. "Nilikuwa na mwanangu pale," akasema.

Ngari, nimesoma vitabu, nimewasomesha watu, lakini sentensi ile imenijeruhi na sijapona. Nilikuwa nimemsoma mtu yule Alhamisi baada ya Alhamisi, na siku aliposimama kwa uchungu nikaona ujanja wa karata. Sijui uso wangu ulifanya nini hapo. Najua mama Muriithi aliinuka akaniletea maji.

Nikawaambia tunamtaka kijana wao. Nikasema Carol anamtaka, Peninah anamtaka, ndugu yangu anamtaka ila ana kiburi, na walete wanachoweza. Naandika hivi waziwazi ili usije ukasikia kwingine: nimeziweka karata zetu zote mezani, zimetazama juu. Wakija na kuku mmoja huna tena cha kusema, na atakayekuwa amekunyang'anya ni mimi.

Mutegi alisema atafikiri baada ya mavuno. Alinisindikiza hadi kwenye kishamba cha mwisho.

Gachoki


Siakago, 7 Desemba 2025

Kaka,

Sweta mama amelikataa, halafu amelivaa. Mvua imenyesha mpaka barabara ya mtoni imekatika. Sote wazima.

Nilipoisoma barua yako nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Siku tatu Peninah alinipisha njia. Ndipo Mutegi akatuma ujumbe kwamba wanakuja, nami nikamwita Ndambiri awe msemaji. Wewe sikukuita. Unajua kwa nini, na sitaandika.

Walikuja Jumamosi iliyopita. Nilikuwa nimejiandaa kwa yule kuku mmoja. Nilikuwa hata na maneno ya kumshukuru. Mutegi akaketi kiti kile kile, akaweka fungu mezani, akataja mbuzi wale wale na mitungi ile ile ya asali, bila kuongeza na bila kupunguza, kwa maneno yale yale, kana kwamba Juni haikuwahi kuwa. Anajua hatuna cha kukataa, wewe ulimwambia, na hakuchukua hata kwato moja kwa sababu hiyo. Nilitazama kulia na kushoto nikitafuta mtego. Bado nautafuta.

Ndambiri alikuwa analia, kwa hiyo hakukuwa na wa kumngoja. Nikalivuta fungu. Kamba ilikaza, nikaifungua kwa meno. Mimi, mzee wa kanisa, mbele ya mchungaji tuliyemwalika, miraa mdomoni. Mchungaji aliangalia dari. Kutoka jikoni Carol alicheka, kicheko chake kile cha zamani, na sikujali dari wala mchungaji.

Harusi ni Aprili. Utaketi mbele.

Peninah anauliza, kwa kutaka kujua tu, kama zile karata mbili za siri unaweza kuzibadilisha.

Ndugu yako,
Ngari


Nkubu, 11 Januari 2026

Kwako Ngari,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mwambie Peninah huwezi kuzibadilisha, unacheza na ulizopewa. Barua yako niliisoma nikiwa peke yangu jikoni, na nilipofika kwenye meno nililazimika kuzima jiko kwanza ili nicheke.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda kwa Mwiti mapema, mara ya kwanza tangu Juni. Nilikuwa na hamu. Mutegi akaingia, akaniona, akavua kofia na kusimama nayo kifuani. Akaniita mkwe.

Unajua mila hii, kwetu na kwao ni moja, lakini mimi niliyewaeleza watu ncoolo sikuwa nimeiwaza hata kidogo. Nilishtuka kama mtu aliyekosa ngazi ya mwisho gizani. Mkwe hataniwi. Mkwe hadanganywi usoni, hata kwa punje ya hindi, na mchezo wetu wote ni kudanganyana usoni. Mwiti akagawa karata. Zangu zikalala mbele yangu, zake zikalala mbele yake, na hakuna aliyezigusa.

"Mnangoja nini?" Mwiti akauliza.

"Mkwe aanze," nikasema.

"Haiwezekani, aanze mkwe," Mutegi akasema.

Wenzetu walicheka mwanzoni. Kisha wakaona hatuchezi. Mwiti akasema basi mmoja wetu ang'atuke, na hapo tukaanza kushindana kwa heshima, mimi nikisema nitoke mimi, yeye akisema haiwezekani amfukuze mkwe, mpaka chai ikapoa. Mwishowe tulitoka wote wawili. Tulitembea pamoja hadi stendi, tukizungumza juu ya bei ya mbolea, naye akapanda gari la kwao.

Sasa kwa Mwiti wanacheza watatu, na nasikia mchezo hauna ladha. Juzi nilimwona Mutegi dukani akinunua misumari. Tulisalimiana kwa mikono miwili, tukaulizana habari za mvua, halafu kila mmoja akatafuta la kusema na kulikosa.

Aprili nitakuja, nitaketi mbele nilipoambiwa. Carol asijue haya. Akiuliza, mwambie baba yake mkubwa amechoka na karata.

Kaka yako,
Gachoki